Niliing'arisha Ekseli ya Baba

Mwaka wake wa mwisho baba aliniomba kitu kimoja tu, na mimi nikampa viwili. Kosa langu lote limo humo, na ningeweza kuishia hapa nikaenda kunywa chai, ila mimi ni mtu wa maneno mengi. Mwalimu wetu wa Kiswahili wa shule ya jioni, tulikokuwa tukisoma watu wazima wenye ndevu na mikopo ya mbolea, alikuwa akisoma insha zangu kwa sauti, halafu anauliza darasa, "Haya, tukitoa chumvi humu, kinabaki nini?" Watu wanavunjika mbavu. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na tisa, na nikihadithia nasema nilikuwa wa kwanza mkoa mzima. Nilikuwa wa tano darasani. Tulikuwa kumi na wanne.

Kazi yangu ni fundi rangi wa nyumba. Ukipita Babati ukaona ukuta unang'aa mpaka viboko ziwani wanafumba macho, huo ni wangu. Siri ya kazi yetu haiko kwenye rangi, iko chini yake. Ukuta kwanza unaukwangua, unaziba kila ufa na kila shimo kwa puti, unapiga msasa mpaka kiganja kikipita kisikutane na kitu. Ndipo unapaka. Nimefanya hivyo miaka mingi kiasi kwamba nikiona shimo mahali popote, hata kwenye jino la mtu, mkono unaniwasha.

Baba alikuwa na pikapu. Aliinunua kuukuu kabla sijazaliwa, na kwa miaka zaidi ya thelathini alibebea mahindi, maharage na mbaazi za watu kutoka mashamba ya Dareda kuleta soko la Babati. Mimi mwenyewe nilizaliwa ndani yake, juu ya magunia ya mbaazi, mama akiwahishwa hospitali. Hilo si chumvi. Chumvi ni pale ninapowaambia watu gari lilikuwa kwenye mwendo wa mia na ishirini. Mama akinisikia anasema, "Baba, gari lilikuwa limesimama. Limeharibika. Ningekuzaa vipi kwenye mwendo huo, wewe ulikuwa barua?"

Macho ya baba yalipoanza kufa kwa presha ya macho, aliegesha pikapu uani kwetu Nangara, akavua ufunguo, akauning'iniza kwenye msumari juu ya kitanda chake. Miaka sita kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wakipita na mikokoteni yao, wakiita njiani, na kila wakifika getini kwetu baba anainua kichwa. "Waambie hakuna chuma chakavu hapa," anasema. "Kuna gari."

Alikuwa na sababu ya kuinua kichwa. Nilipokuwa na miaka kumi na sita niliwauzia jeki yake. Aliponiuliza niliapa kwa mbingu, kwa nchi, kwa Biblia ya bibi na kwa ng'ombe wote wa Mbulu mmoja mmoja. Siku ya tatu jeki ilionekana kwenye mkokoteni sokoni, baba akainunua mara ya pili. Hakunipiga. Alisema tu, "Unaapa vizuri sana wewe." Tangu hapo kila nikihadithia kitu kikubwa mezani, anageukia wengine na kuwaambia, "Anaapa vizuri huyu," wote wanacheka, na mimi nacheka kuliko wote.

Jumapili moja mwezi wa sita, tumetoka kanisani, mama anapakua makande, baba akaniambia, "Nitolee ile ekseli ya nyuma. Uisafishe. Nataka niishike."

"Uishike kwa ajili gani, baba? Unataka turudi barabarani?"

"Nataka niishike."

"Sema tu. Nitakufungulia na injini, nikuletee kitandani na chai."

"Ekseli," alisema. "Safisha tu."

Safisha tu. Nimerudia maneno hayo kichwani mara nyingi, na hayana kona hata moja ya kujifichia.

Jumatatu nilikodi vijana wawili wa gereji karibu na stendi. Wakainua pikapu, wakaweka magogo chini, wakatoa magurudumu na springi, wakaivuta ekseli nje kama wanavuta ng'ombe aliyezama kwenye tope. Kwa asiyewahi kulala chini ya gari: ekseli ya nyuma ni bomba nene la chuma linalokwenda kutoka gurudumu hadi gurudumu, na katikati lina tumbo la duara ambalo mafundi wanaliita difu. Ndani ya bomba, kila upande, kuna mtaimbo wa chuma unaozungusha gurudumu. Huo unaitwa shafti. Tuliilaza juu ya mawe mawili karibu na ukuta wa jiko, na mimi nikaenda kutafuta nguo za kuharibu.

Siku mbili nilikuwa nakwangua tope tu. Lilikuwa limeganda tabaka juu ya tabaka, jekundu, jeusi, la kijivu, na grisi katikati. Nilimwambia mama kuna tope la enzi za Mjerumani humu, na ningechimba kidogo ningekuta bunduki. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, sweta mbili mwilini, akisikiliza mkwaruzo wa spacho, bati langu la kukwangulia, na naweza kusema sikuwahi kumuona ametulia namna ile. "Sasa uko kwenye difu," anasema. Kweli. "Sasa umehamia kushoto." Kweli. Nilimwona anageuza viganja vyake juu ya magoti kama anavianika.

Baada ya tope nikaingia na dizeli na brashi ya waya, na siku ya tatu nikafika kwenye chuma chenyewe. Hapo upande wa kulia, kati ya difu na gurudumu, nikakuta majeraha. Mikato kumi na mmoja, imepangana, kila mmoja urefu kama ukucha wa kidole gumba, isipokuwa wa nne ambao ulikuwa mrefu mara mbili na umeingia ndani sana. Nikasikitika. Nikasema moyoni, tazama mawe ya barabara yalivyomla mzee huyu.

Ningemuuliza tu. Alikuwa hatua sita kutoka nilipo. Lakini nilikuwa nimeshapata wazo, na mimi nikipata wazo siulizi mtu. Nikajisemea, kwa nini nimpe baba chuma kisafi wakati naweza kumpa chuma kipya?

Alhamisi nikanunua puti ya chuma, ile unayochanganya na dawa yake inaganda upesi. Nikaanza na ule mkato wa nne kwa sababu ulikuwa wa kina na unakula puti nyingi. Nikaziba yote kumi na mmoja. Nikapiga msasa mzito, nikapiga msasa mwembamba, nikapitisha kiganja, hakuna kitu. Shavu la mtoto mchanga. Nikapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu mikono miwili, yaani mara mbili, halafu nyeusi ya kung'aa mikono mitatu. Jumamosi asubuhi ekseli ilikuwa inawaka pale ukutani mpaka jogoo alijiona ndani yake akataka ugomvi. Majirani walikuja. Mmoja akaniambia ningeiweka sebuleni. Nilijisikia kama nimemrudishia baba macho.

Tukamsogeza kigoda. Nikamshika mkono nikauweka juu ya difu. "Haya mzee," nikasema, "shika mali yako."

Alianza vizuri, anatabasamu. Mkono ukashuka kwenye difu, ukahamia kulia, polepole, vidole vimekunjwa kidogo, kucha mbele. Ukaenda mpaka mwisho. Ukarudi. Ukaenda tena. Tabasamu likaondoka hivi hivi mimi nikiangalia. Akageuka upande wa kushoto, akajaribu huko, akarudi kulia, na sasa alikuwa anakwaruza kwa ukucha.

"Imekuwaje, baba? Si laini?"

"Laini," alisema. Akafuta vidole kwenye suruali. "Asante. Nirudishe ndani, kuna baridi."

Hakula mchana. Jioni nilipompelekea chai aliuliza, sauti ya chini kabisa ili mama asisikie: "Yangu umewauzia shilingi ngapi?"

Sikuelewa. "Nimemuuzia nani?"

"Hawa wa mikokoteni. Umewapa yangu, wamekupa nyingine imepakwa rangi. Sema tu. Sina nguvu ya kugombana na mtu."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikidhani ananitania. Halafu nikaona uso wake. Nikapiga magoti pale kitandani nikaanza kuapa. Niliapa kwa watoto wangu, kwa cheti changu cha kidato cha nne, kwa kaburi la bibi. Kadiri nilivyoapa ndivyo nilivyojisikia mwenyewe, sauti ileile ya miaka kumi na sita, na nikashindwa kuisimamisha. Baba akanigusa bega.

"Unaapa vizuri sana," alisema. Safari hii hakumgeukia mtu, na hakuna aliyecheka.

Jumanne kifua kilimbana tukampeleka hospitali. Mama akabaki naye. Mimi nikarudi nyumbani kuchukua mablanketi, na hapo uani nikamkuta baba mdogo. Namwita baba mdogo kwa heshima, si ndugu wa damu. Alikuwa utingo wa baba, alikaa nyuma ya pikapu ile tangu ujana mpaka mvi, akipakia na kushusha na kubadilisha matairi. Sasa anaishi Bonga na magoti mabovu. Alikuwa amesikia habari za ugonjwa akapanda bajaji. Nilimkuta ameinama juu ya ekseli, mkono wake unafanya kilekile mkono wa baba ulichofanya.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Hii ni nini?"

"Ekseli ya baba."

"Si yenyewe."

"Baba mdogo, na wewe! Ni yenyewe, nimeipaka rangi."

Akanyanyuka taratibu, akinitazama kama anatazama gari lililogonga mti mmoja katikati ya uwanja mtupu. "Alama ziko wapi?"

"Alama gani?"

"Za shafti! Kumi na moja. Tulikata shafti kumi na moja na gari hili. Kila tukikata, tukishabadilisha, baba yako anachukua tindo na nyundo anaweka alama moja, pale pale chini ya gari, ndipo tunaondoka. Hata mvua inanyesha. Mimi natukana, yeye anagonga."

Akaanza kuzitaja, kidole kikipita juu ya rangi yangu. Ya kwanza, kwenye kilima cha kutoka Dareda, wamepakia mahindi kupita kiasi. Ya pili, siku ya maziko ya babu yangu. Ya tatu, mtoni, walikaa siku mbili wakila mbaazi mbichi. Kwenye ya nne akasimama.

"Hii ni wewe. Mama yako yuko nyuma anapiga kelele, shafti imelia tah! Mimi nakimbia kutafuta mwanamke yeyote mtu mzima, baba yako yuko chini ya gari anatoa shafti na machozi. Ukazaliwa. Tukafunga nyingine. Nikamwambia twende, bosi, twende, mama na mtoto wanahitaji hospitali. Akasema subiri. Akagonga ndefu mara mbili ya nyingine." Akanitazama. "Hujui habari hii?"

"Najua nilizaliwa kwenye gari. Alama hakuniambia."

"Mtu angeona vipi chini ya tope? Alikuwa anazishika usiku tukilala njiani, anaingiza mkono tu, anahesabu. Mwaka huu aliniambia atakuonyesha mwenyewe. Anasema anasubiri utulie." Akaipiga ekseli kwa kiganja. "Sasa wewe hutulii."

Ile ya nne ndiyo niliyoiziba kwanza.

Mablanketi nikayatuma kwa mama na dereva wa bajaji, nikachukua msumari wa inchi sita na bisibisi nikakaa chini. Puti ya chuma ikiganda inakuwa na kiburi kuliko chuma. Nilikwangua siku ile nzima na kesho yake tangu alfajiri, baba mdogo kwenye kigoda cha baba ananiambia, "Shuka kidogo, iko hapo, hapana, umepita." Rangi yangu nzuri ikatoka vipande vipande. Vidole vyangu viwili vikapasuka. Saa sita mchana alama zote kumi na moja zilikuwa wazi, na ekseli ilionekana kama mbwa mwenye upele.

Nikaita guta, pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo. Tukaipakia watu wanne, mimi nikakaa juu yake. Dereva alipoambiwa tunakwenda wapi aliendesha mpaka barabara ya lami, halafu akauliza, "Kaka, hospitali gani hiyo wanatibu difu?"

Mlinzi getini hakutaka mzaha. "Mgonjwa ni nani?"

"Baba yangu. Wodi ya wanaume."

"Na hii?"

"Ekseli. Anatakiwa aishike kidogo, halafu naondoka nayo."

"Ekseli inaingia wodini?"

"Dakika tano, afande. Mbili."

"Mzee, mimi nina watoto. Nikiruhusu ekseli leo, kesho mwingine ataleta trekta. Geuza."

Nilimsihi. Nilimwambia ukweli mtupu, bila kuongeza hata punje, na nikaona haniamini, kwa sababu ukweli wenyewe ulikuwa unafanana na mambo yangu. Dereva wa guta akaanza kutazama saa.

Ndipo nikakumbuka begi langu la kazi lililokuwa mgongoni. Kulikuwa na puti imebaki nusu kopo. Nikapaka oili juu ya alama isinate, nikachanganya puti pale pale juu ya guta, nikaibandika kama mtu anayebandika chapati, nikaikandamiza kwa viganja vyote viwili. Ilipoanza kukaza nikaibandua. Ubao wa kijivu, urefu kama mkono wangu mpaka kiwiko. Palipokuwa na mashimo sasa palikuwa na vilima, kumi na kimoja, cha nne kirefu. Mlinzi alikuja akauangalia. "Huo unaweza kuingia," alisema, na akanifungulia.

Baba alikuwa amelazwa upande, mpira wa hewa puani, mama ameshika miguu yake. Nikachuchumaa. "Baba," nikasema, "ni mimi. Sikuiuza. Niliziba alama kwa puti, sikujua ni za nini. Baba mdogo amenieleza. Nimezifungua zote. Hizi hapa." Nikachukua mkono wake nikauweka juu ya ubao, nikausogeza kutoka ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kwenye ya nne nikauacha.

Mama aliuliza ni nini ile.

Sasa hapa ndipo penye kazi. Kwenye matanga, uani kwetu, watu wamejaa mpaka barabarani, waliniuliza mzee alisema nini mwisho. Nikawaambia. Nikawaambia aliushika ubao ule, akazihesabu zote kumi na moja kwa sauti, akafika ya nne akatabasamu, akasema, "Ndiyo yenyewe, mwanangu." Wanawake walilia. Mchungaji aliigusia kwenye mahubiri. Wiki nzima nilihadithia, na kila nikihadithia anasema neno moja zaidi.

Baba mdogo alisubiri mpaka watu wametawanyika. Tulikuwa wawili tunairudisha ekseli chini ya pikapu, yeye ananipa spana, mimi nimelala chali. Magoti yake yalionekana peke yake upande wa tairi.

"Kweli alisema?"

Nikakaza nati mbili kabla ya kujibu. "Hakusema."

"Alihesabu?"

"Hakuhesabu. Nilikuwa nausogeza mkono mimi. Ulikuwa mzito. Sijui kama alikuwa macho. Sijui kama alinisikia. Alikufa kesho yake asubuhi, sijui kama alikufa anajua sikuiuza."

Mkono wa baba mdogo ukaja chini ya gari, umeshika spana nyingine, kubwa zaidi.

"Hiyo uliyonayo ndogo," alisema. "Kaza kwa hii."

Nikakaza. Upande wa kushoto na difu bado vinang'aa, rangi yangu imeshika sana. Upande wa kulia nimeuacha ulivyo, chuma kitupu, na mvua za vuli zilipokuja zile alama ziliota kutu nyekundu moja baada ya nyingine. Kopo la rangi liko ghalani, limejaa robo. Sijalifungua.